Kabla ya kutundika televisheni, uulize ukuta

(Mazungumzo ya juma hili, kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu tunaliona dogo, jambo la nyundo na skrubu tu. Nataka tuzungumze juu ya kutundika televisheni ukutani. Pengine utaniuliza, je, hilo nalo ni la kusemwa redioni? Naam, ni la kusemwa. Katika mitaa yetu ya mjini siku hizi, kitu kizito kuliko vyote kilichoning'inia juu ya vichwa vya watoto wetu si picha ya babu wala saa ya ukutani. Ni televisheni. Na katika nyumba nyingi hakuna mtu hata mmoja anayeweza kukuambia imeshikiliwa na nini.

Tulikotoka tunakukumbuka. Zanzibar ilianza matangazo ya televisheni mwaka 1973, na sisi wa Tanzania Bara tukangoja hadi mwaka 1994. Televisheni za wakati ule zilikuwa masanduku. Ya inchi 21 ilikuwa na uzito wa kilo 20 hivi, na nyuma ilikuwa na kisogo kirefu kilichohitaji meza pana. Hakuna aliyewazia kuitundika. Iliwekwa juu ya kabati, ikavikwa kitambaa cha kufuma, ikatulia.

Leo masanduku yale yamekwisha madukani. Tunanunua televisheni bapa, nyembamba kama kitabu. Ya inchi 32 kwa kawaida ina kilo 4 hadi 6, ya inchi 43 ina kilo 7 hadi 10, na ya inchi 55 aghalabu inapita kilo 13. Kwa kuwa ni nyepesi kuliko zile za zamani, tunadhani kazi nayo imekuwa nyepesi. Hapo ndipo tunapoanza kukosea.

Kwanza niseme wazi kwamba mimi si mpinzani wa televisheni ya ukutani. Kinyume chake, televisheni bapa iliyosimama mezani kwa vimiguu vyake viwili ina hatari yake. Mtoto wa miaka miwili akivuta kitambaa cha meza au akipanda droo ya kabati, inamwangukia. Huko Marekani, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la madaktari wa watoto ulihesabu kwamba kati ya mwaka 1990 na 2011 watoto wapatao 17,000 kila mwaka walipelekwa hospitali kwa majeraha yaliyotokana na televisheni, na yaliyo mengi yalitokana na televisheni kuanguka. Wengi wa waliojeruhiwa walikuwa wadogo, wasiotimiza hata miaka mitano. Kwa hiyo kuifunga ukutani ni jambo jema. Lakini televisheni iliyofungwa ovyo ukutani ni mbaya kuliko ile ya mezani, maana ile ya mezani kila mtu anaiona kuwa inaweza kuanguka, na hii hakuna anayeishuku.

Hebu tutazame mzigo wenyewe unavyosafiri. Televisheni inashikwa na skrubu nne za mgongoni. Skrubu zinashikwa na breketi, yaani kile chuma cha kutundikia. Breketi inashikwa na skrubu nyingine kubwa. Hizo zinashikwa na vidude vya plastiki vilivyomo ndani ya matundu, ambavyo mafundi wengi huviita fisha na wengine huviita rolplagi. Na fisha zinashikwa na tofali. Ni kama watu waliopanga mstari wakipokezana ndoo ya maji. Mmoja akiwa mchovu, ndoo inamwagika, hata kama wenzake wote ni mashujaa. Mnunuzi wetu akifika dukani huangalia breketi tu, aipigepige, aseme, "Hii chuma kweli kweli." Sijapata kuona breketi iliyokatika. Nilizoziona zimeanguka zilikuwa nzima kabisa, zikiwa bado zimeng'ang'ania televisheni, na skrubu zake zikiwa na fisha zake na vumbi jeupe. Kilichokuwa kimeachia ni ukuta.

Basi tuuulize ukuta kwanza: wewe ni wa nini?

Nyumba zetu nyingi za mjini zimejengwa kwa matofali ya saruji na mchanga, ya inchi 5 au inchi 6, juu yake ikapigwa lipu ya unene wa sentimeta moja na nusu au mbili. Lipu hiyo ni nguo tu, haibebi mzigo. Fisha ya sentimeta nne ikiingia ukutani, nusu yake imo ndani ya nguo, na nusu tu ndiyo imeshika mwili. Ndiyo maana skrubu fupi iliyofaa kutundikia kalenda haifai hapa. Fisha yote inapaswa kuipita lipu na kukaa ndani ya tofali, na skrubu iwe ndefu ya kuifikia hadi mwisho wake.

Na tofali lenyewe si moja. Liko lililofyatuliwa kwa saruji ya kutosha, likamwagiliwa maji kwa siku kadhaa, na liko lililofyatuliwa kwa saruji haba likaachwa likauke juani. Ukitoboa la kwanza, drili inalalamika na vumbi linatoka laini. Ukitoboa la pili, biti inazama kama kisu katika papai, na kinachotoka ni mchanga mtupu. Hapo drili imekwisha kukujibu. Usijidanganye kwa kuongeza fisha nene ndani ya tundu lile lile. Hama, tafuta tofali zima, au tafuta nguzo ya zege.

Nguzo ya zege ni rafiki mkubwa, ila ndani yake mna nondo. Biti ikigota na kukataa kuendelea, usishindane nayo. Sogeza tundu sentimeta mbili tatu. Katika zege lililo imara, bolti za kutanuka, zile za chuma zinazojifunga zenyewe kadiri unavyokaza, zinafanya kazi nzuri. Lakini bolti hizo hizo ukizitia katika tofali dhaifu au karibu na ukingo wa ukuta, nguvu yake ya kutanuka inalipasua tofali. Dawa ya mmoja ni sumu ya mwingine.

Wenzetu wa Iringa na Mbeya wana matofali ya kuchoma. Haya ni mazuri yakiwa yameiva, nawe utayajua kwa vumbi jekundu. Ukitoboa kwenye kiungo kati ya tofali na tofali, ambapo pengine ni udongo tu, hakuna kitakachoshika. Toboa katikati ya tofali. Wenzetu wa Mji Mkongwe wa Zanzibar na Mji wa Kale wa Mombasa wana kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kupita kiasi, lakini ndani ni mchanganyiko wa mawe na vifusi. Tundu moja laweza kukutana na jiwe, na la pili, sentimeta kumi tu pembeni, likakutana na uwazi. Huko kila tundu lijaribiwe peke yake, na drili iende taratibu bila kugonga.

Na iko kuta ya mbao nyembamba za jipsamu, ambayo siku hizi inagawa vyumba katika majumba mengi mapya. Gonga kwa kidole, itakujibu kama ngoma. Bao la jipsamu lenyewe halina nguvu ya kushika televisheni kubwa. Ndani yake mna mihimili ya chuma au mbao iliyosimama kwa nafasi maalumu, na skrubu hazina budi kuifikia hiyo. Ikiwa huwezi kuipata, chagua ukuta mwingine. Na nyumba ya miti na udongo, ndugu msikilizaji, naisema bila kuificha: usitundike. Weka televisheni juu ya meza fupi na pana, isukume hadi ukutani, uifunge kwa mkanda imara kwenye meza yenyewe, na usiache juu yake kitu cha kumtamanisha mtoto kupanda.

Sasa tuje kwenye tundu. Kuna mafundi ambao hadi leo wanachimba kwa patasi, wanachonga kigingi cha mbao, wanakigongelea ndani, kisha wanakaza skrubu kwenye mbao. Hiyo si mbinu yetu peke yetu. Hata Waingereza walifanya hivyo, mpaka miaka michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, John Joseph Rawlings alipobuni kidude cha nyuzi za juti cha kutia ndani ya tundu dogo. Kazi iliyomsukuma ilikuwa kufunga vifaa vya umeme katika jumba la makumbusho la British Museum, London, bila kuziharibu kuta. Mwaka 1958 Mjerumani Artur Fischer akaleta kile cha plastiki tunachokijua leo. Hayo majina mawili ya fundi, rolplagi na fisha, yametoka huko.

Kigingi cha mbao kina kasoro moja: mbao hunywea ikikauka. Leo kimebana, baada ya miezi kimelegea, na wewe huna habari. Fisha ya plastiki inafanya kazi kwa njia nyingine. Skrubu inapoingia, inaipanua, nayo inasukuma kuta za tundu pande zote. Kinachoshika ni ule msuguano. Kwa hiyo tundu likiwa pana kuliko fisha, hakuna msuguano, na skrubu itazunguka na fisha yake kama mtu na mbeleko. Fisha ya milimeta 8 inataka biti ya milimeta 8. Ile ya milimeta 10 inataka ya milimeta 10. Si "inayokaribia". Tundu lizidi urefu wa fisha kwa sentimeta moja hivi, ili vumbi lililobaki lipate pa kukaa, kisha ulipulize vumbi lenyewe, kwa maana tundu lenye vumbi ni sawa na viatu vyenye mchanga. Fisha iingie kwa kugongwa kidogo. Ikiingia kwa kidole, tundu ni kubwa. Na wale wanaojaza vijiti vya kiberiti pembeni ya fisha ili ibane, nawaomba kwa heshima waache. Kijiti cha kiberiti hakikuumbwa kubeba televisheni.

Kuna jambo la pili ambalo wanunuzi wengi hawaambiwi dukani. Breketi ziko za aina mbili kubwa. Iko inayolaza televisheni karibu kabisa na ukuta, na iko yenye mkono unaokunjuka, wa kuivuta televisheni mbele na kuigeuza huku na huku. Hii ya pili inapendwa sana, hasa na mwenye chumba kimoja anayetaka kutazama akiwa kitandani na akiwa mezani. Lakini mkono ule ni kama wenzo wa kung'olea kisiki.

Tufanye hesabu. Chukua televisheni ya kilo 15. Breketi ya kulaza inaiweka uzito wake kama sentimeta 6 kutoka ukutani, na kutoka skrubu za juu hadi ukingo wa chini wa breketi ni sentimeta 20. Nguvu inayojaribu kuzing'oa skrubu za juu ni 15 mara 6, gawanya kwa 20, yaani kilo nne na nusu tu. Sasa kunjua mkono, televisheni iwe sentimeta 50 kutoka ukutani. Ni 15 mara 50, gawanya kwa 20: kilo 37 na nusu. Televisheni ni ile ile, skrubu ni zile zile, lakini mvuto umezidi mara nane. Akidandia na mtoto wa kilo 20, mvuto unafika kilo 87 na nusu. Basi ukikuta ukuta wako ni wa wasiwasi, usinunue breketi ya mkono, hata ukipewa bure. Na ukiwa nayo, ikunje kila ukimaliza kutazama.

Tusisahau umeme. Katika nyumba zetu nyaya hupita ndani ya lipu, ndani ya mabomba ya plastiki, zikishuka kutoka darini hadi kwenye swichi na soketi. Kwa hiyo usitoboe moja kwa moja juu ya swichi au soketi, wala chini yake, wala ubavuni mwake kwa mstari ulionyooka. Ukuta unaopakana na bafu nao una mabomba ya maji. Ikiwa hujui njia za nyaya, muite fundi wa umeme akuoneshe. Hapa kosa haliangushi televisheni, linamwangusha mtu.

Mgongoni mwa televisheni kuna matundu manne ya skrubu. Nafasi kati yake imewekewa kipimo cha kimataifa kiitwacho VESA, na utakiona kimeandikwa kwenye breketi na kwenye kijitabu cha televisheni: milimeta 100 kwa 100, 200 kwa 200, 400 kwa 400, na kadhalika. Hakikisha vinalingana kabla hujalipa. Hakikisha pia uzito ulioandikwa kwenye breketi unazidi uzito wa televisheni yako kwa wingi, si kwa kilo moja. Skrubu za mgongoni zikiwa ndefu mno zitagusa vyombo vya ndani na kuharibu televisheni, zikiwa fupi mno zitashika kwa ncha tu. Zizungushe kwanza kwa mkono. Zikigoma mapema, si zake.

Kwa wakazi wa pwani nina neno la ziada. Hewa yetu ina chumvi, na skrubu ya chuma kitupu hupata kutu upesi. Chagua iliyopakwa zinki au ya chuma kisichoshika kutu. Ukuta wenye unyevu, ule ambao lipu yake inavimba na kubanduka kama ngozi ya mwenye ukurutu, usitundike kitu hapo hadi chanzo cha maji kipatikane. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi hapa tutaongeza: na utanunua televisheni.

Juu ya kimo, ushauri wangu ni mfupi. Katikati ya kioo pawe karibu na usawa wa macho ya mtu aliyeketi, yaani sentimeta 100 hadi 110 kutoka sakafuni. Tabia ya kuipandisha karibu na dari kama iliyomo kwenye baa inaumiza shingo, na ikianguka inaanguka kutoka mbali. Wala usiitundike juu ya kichwa cha kitanda, hasa cha watoto. Hata fundi aliye bora kuliko wote hawezi kukuapia kwamba ukuta hautabadilika kwa miaka kumi.

Kazi ikiisha, breketi ijaribiwe kabla ya televisheni kupanda. Kuna kipimo ambacho kila nyumba inacho. Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20 za maji. Ikiwa televisheni yako ni ya kilo 15 na breketi inaruhusu zaidi ya hapo, ifunge ndoo hiyo kwenye breketi kwa kamba, iache inchi chache kutoka sakafuni, watoto wawe mbali, na uiache hadi asubuhi. Ikiwa breketi ni ya mkono, ikunjue kwanza. Asubuhi angalia: je, kuna ufa kwenye lipu? Je, breketi imeachana na ukuta hata kwa unene wa karatasi? Je, pimamaji bado inaonesha usawa ule wa jana? Jibu likiwa hapana, hapana, na ndiyo, basi pandisheni televisheni, watu wawili, mkiishika kwa kingo na si kwa kioo. Na kila baada ya miezi michache itikisike kidogo kwa mkono. Ikicheza, ishushe siku hiyo hiyo.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera. Mtu hutoa mamia ya maelfu ya shilingi dukani, akapanda bajaji na boksi lake amelikumbatia kama mtoto mchanga. Akifika nyumbani anamwita kijana wa mtaani mwenye drili ya kuazima, wanabishana nusu saa juu ya elfu tano, na kijana, ili afidie, anatumia fisha alizobakiza kwenye kazi ya jana na kuondoka baada ya dakika kumi na tano. Nani wa kulaumiwa? Mimi simlaumu kijana peke yake. Tumemfundisha wenyewe kwamba tunanunua haraka yake, hatununui kazi yake. Fundi anayetoboa, akasita, akakuambia, "Mama, ukuta huu haufai, tuhamie ule," huyo ndiye wa kulipwa zaidi, ingawa amekuchelewesha.

Wapangaji nao wana shida yao. Mwenye nyumba hataki matundu, na mpangaji hataki kuomba ruhusa kwa kuogopa kukataliwa. Matokeo yake televisheni hufungwa kwa siri, kwa skrubu mbili badala ya nne, ili "tusiharibu sana." Hilo ni baya kuliko yote. Nawasihi wenye nyumba: matundu manne yaliyotobolewa vizuri huzibwa kwa saruji kidogo siku mpangaji akihama. Wekeni jambo hilo katika mapatano, oneshani ukuta ulio imara na nyaya zinapopita. Mwenye kujua zaidi ukuta ule umejengwa kwa nini ni ninyi, si mpangaji.

Ndugu msikilizaji, usiku wa leo utakapoketi kutazama taarifa ya habari, nakuomba uinuke kidogo, usogee pembeni ya televisheni yako, uchungulie nyuma yake. Hesabu skrubu. Tazama kama lipu ina ufa. Kisha jiulize ni nani anayelala au anayecheza chini yake. Ukiona jibu halikuridhishi, ishushe, iweke sakafuni hadi fundi aje. Vipindi utavitazama vilevile.

Hadi juma lijalo, nawatakia usiku mwema.